Mlima Kwenye Mkokoteni

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mwaka sabini na nne, Phelister alifika kibandani kwake Nateete akakuta mlango umechorwa msalaba mkubwa kwa rangi nyekundu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akaigusa, akanusa kidole, akatambua kwamba ni rangi ya mafuta ya kupaka magari, tena ile ya daraja la juu, ambayo mwaka ule ungeweza kuizunguka Kampala nzima ukalia machozi na usiipate. Akachukua kisu, akakwangua yote iliyochuruzika hadi kizingitini, akaitia kwenye kopo la maziwa, akafunika. Ndipo akauliza nani amechora.

Majirani walimweleza kwa sauti za chini. Walikuja askari wawili na orodha. Kibanda kinachukuliwa na serikali, na serikali yenyewe katika jambo hili inaitwa Habibah, mwanamke anayeuza vitenge, rafiki wa Meja mmoja wa kule kilimani Mbuya. Phelister amepewa hadi mwisho wa mwezi kutoa vyuma vyake.

Kilikuwa kibanda cha nguzo sita na mabati yaliyotobokatoboka, lakini kilikaa kwenye kona ambapo teksi za barabara ya Masaka zinashusha watu. Anayeshuka anaona kwanza kibanda cha Phelister, kisha ndipo anaona Kampala. Kona ile aliipata kwa miaka minane ya kusogeza nguzo zake hatua moja moja jirani zake walipokwenda mazishini. Bila kona, angekuwa mwanamke tu aliyekaa kando ya barabara na lundo la chuma, na mwanamke wa namna hiyo hapangiwi bei, anahurumiwa. Phelister hakupenda kuhurumiwa. Huruma haina bei.

Alikuwa Mjaluo wa Kisumu. Mumewe, fundi wa reli, ndiye aliyemleta Kampala. Mwaka sitini na sita mume akaenda nyumbani likizo, na likizo hiyo mpaka leo haijaisha. Phelister akaanza kuokota chupa, kisha madebe, kisha chochote. Wahindi wenye maduka walipofukuzwa nchini mwaka sabini na mbili, wale waliogawiwa maduka waliuza vitu walivyovitambua na kutupa wasivyovitambua. Phelister alifuata nyuma yao na mkokoteni. Alikuwa na taipureta zisizo na utepe, mabomba ya gramafoni, mbavu za miavuli, na gunia zima la picha za eksirei za watu wasiojulikana. Watu waliita takataka. Yeye aliita vitu ambavyo mnunuzi wake hajashuka kwenye teksi.

Kwa hiyo hakulia. Alichukua birika alilolitia kiraka mwenyewe, akalisugua kwa majivu mpaka likawaka, akaenda Mbuya kwa Meja.

Langoni alimkuta Sajini Saverio Olweny, Mwacholi mrefu, mkimya, aliyetembea kama mtu anayepita chumbani mwa mgonjwa. Siku zile Mwacholi jeshini alikuwa na njia mbili za kubaki hai: asionekane, au ahitajike. Olweny alifuata zote mbili. Yeye na Phelister wangeweza kuelewana kwa lugha zao, maana Mwacholi na Mjaluo ni ndugu wa mbali, lakini walizungumza Kiswahili, tena kwa sauti kubwa, ili asije mtu kuuliza wanaficha nini.

"Meja iko kwa vita," alisema Olweny.

"Vita gani, omera, ndugu yangu? Mbona hakuna moshi?"

Sajini akatazama kushoto na kulia. "Ya mezani," akasema.

Ilikuwa hivi. Meja Zéphyrin, mzaliwa wa kule mpaka wa Kongo unapopinda, alipelekwa Ulaya kwa kozi ya miezi sita zamani za amani. Kozi yenyewe hakuielewa sana kwa sababu ya baridi. Lakini maofisa wenzake kule walikuwa na mchezo wa Jumapili: wanatandaza nchi ya uongo juu ya meza, wanapanga majeshi ya visanamu vya risasi, warefu kama kidole, wanarusha dadu na kupimana kwa rula nani amekufa. Tena si askari wa kawaida. Kulikuwa na majitu yenye rungu, vijitu vyenye masikio ya ncha na pinde, wazee wa ndevu wanaorusha moto kwa fimbo, na joka moja kubwa. Meja alirudi na sanduku zima la watu hao. Wengine walirudi na friji.

Kila Jumapili maofisa wadogo waliitwa Mbuya kupigana naye. Kitabu cha sheria kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, na ruhusa ya kukisoma alikuwa nayo Meja peke yake. Mwezi wa pili luteni mmoja mgeni, hajui mambo, alimshinda. Jumatano yake alihamishiwa Moroto, kule mbali nyikani. Tangu hapo majitu ya Meja hayakushindwa, na Meja alikuwa amechoka kushinda kama mtu anavyochoka kula maharage.

Phelister alipoingizwa ukumbini alimkuta Meja amepiga magoti chini ya meza kubwa ya mpira wa mezani, akiokota majitu yake moja moja. Kilima chake, ambacho kilikuwa vitabu vitatu vilivyofunikwa blanketi la jeshi, kimeporomoka katikati ya vita.

Phelister alikuwa na desturi moja: kabla hujamwomba mtu kitu, angalia kwanza ni nini kinamnyima usingizi. Akalitazama blanketi.

"Afande," akasema, "hicho si kilima. Hicho ni kitanda kimetandikwa vibaya."

Meja akatoka chini ya meza, jitu mkononi, akamtazama mwanamke, akalitazama birika, akalitazama blanketi.

"Wewe unajua kujenga mulima?"

"Nitakujengea nchi nzima. Milima, mito, ngome, na nyumba ya huyo joka. Wewe utaniandikia karatasi moja."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kibanda yangu ya Nateete. Habibah atafutiwe pahali pengine. Kampala ni kubwa."

Meja akacheka mpaka akakaa. Alisema tangu mwaka sabini na moja hajakutana na mtu wa kupatana naye bei. Watu siku hizi wanampa tu. Kisha akaeleza shida yake. Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja Kanali mmoja mwenye ofisi Nakasero, amesikia habari za mchezo, naye anataka kucheza. Nchi ikimpendeza Kanali, karatasi itaandikwa siku hiyohiyo. Isipompendeza, hakumalizia. Phelister akaona kwamba hapo bei haishuki tena. Akaacha birika, akaenda kazini.

Kazi hiyo aliifanya kibandani mwake, mlango ukiwa wazi na msalaba wake unaonekana. Misitu aliifanya kwa mabrashi ya kusugulia chupa, akayachovya kwenye wino wa kijani na kuyakata kwa mafungu. Ziwa lilikuwa eksirei iliyopakwa buluu kwa nyuma. Ukiinama vizuri unaona chini ya maji mbavu za mtu, na Meja alipouliza hizo ni za nani, Phelister alijibu za aliyezama. Pango la joka lilikuwa bomba la gramafoni. Joka lenyewe lilikuwa limevunjika bawa moja huko Ulaya, akalikatia jingine kutoka kwenye kopo la samaki, na kwenye bawa hilo mkia wa samaki ulionekana mpaka mwisho wa vita vyote. Ngome kuu ilikuwa taipureta iliyong'olewa tumbo, vile vidole vyake vya herufi vimesimama kama askari waliopanga mikuki ukutani. Mapaa yake aliyapaka nyekundu. Rangi alikuwa nayo.

Katikati ya kazi Habibah akaja na futi kupima kibanda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, hakuja kwa ubaya. Alikuja kama mtu anayekuja kupima pazia. Aliamkia vizuri, akauliza kama dada ana nafasi kidogo, akampa Phelister ncha ya futi ashike.

"Hapa nitaweka kioo," alisema Habibah. "Mteja lazima ajione na kitenge."

"Kioo kitapigwa na jua mchana, dada. Watu watajiona weusi kuliko walivyo. Weka upande ule."

"Kweli. Asante. Shika vizuri."

"Nimeshika. Andika futi kumi kwa tisa. Na pale bati linavuja, utakuja kubadilisha."

Wakaagana kama watu walionunuliana chai. Owuor, Mjaluo mwenzake aliyemsukumia mkokoteni, alimuuliza Phelister kwa nini anamsaidia adui yake kupima. Phelister akamwambia kwamba sasa anajua vipimo vya kibanda chake, kitu ambacho kwa miaka minane hakuwa amekijua, na hakulipia futi.

Shida ilikuwa mlima. Wa kwanza aliufanya kwa waya, magazeti na gundi ya uji wa mahindi, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Ukapendeza, ukapelekwa Mbuya, ukasifiwa. Asubuhi yake Olweny alifungua ukumbi akakuta panya wamekula nchi. Waya ulibaki, na juu ya waya yale majitu yamesimama hewani, kila moja na rungu lake, yakitazama chini kwa mashaka. Wa pili ulikuwa wa gundi ya muhogo na sumu ya panya. Huo haukuliwa, lakini luteni mmoja alipogonga meza kwa furaha ya kushindwa vizuri, mlima ulitikisika na jitu moja likavunjika mguu. Meja akaamrisha.

"Mimi nataka mulima ya kweli," alisema. "Ile haitingishiki. Mulima ya udongo. Kanali akigonga meza, mulima inabaki."

Siku nne zilibaki. Phelister alifikiri usiku kucha, na alfajiri akakumbuka kichuguu. Kila anayejenga nyumba ya udongo anajua: hakuna udongo duniani ulioshikana kama ule mchwa walioutafuna na kuutema. Hauhitaji gundi, wala panya hawautaki, na umbo lake ni la mlima tayari, na vilele vyake. Akaenda Busega kwa mzee mmoja Mganda aliyeitwa Ssaalongo kwa kuwa alizaa mapacha, mwenye vichuguu vitano shambani.

Ieleweke kwamba kichuguu kina mwenyewe. Sheria hii haikuandikwa na serikali yoyote, ndiyo maana inafuatwa. Buganda, Acholi, Ujaluoni, kote huko mtu anarithi kichuguu kama anavyorithi ng'ombe, na kumbikumbi wakitoka, wale wenye mabawa, wanene, watamu, ni wa mwenye kichuguu. Jirani atakaa kwenye mpaka, bakuli mkononi, akitazama, na hatainama kuokota hata mmoja mpaka aambiwe karibu. Watu waliovunjiana nyumba na kuibiana wake hawajaibiana kumbikumbi.

Kwa hiyo mazungumzo yalichukua asubuhi nzima. Ssaalongo hakuuza vichuguu vilivyo hai, lakini kilikuwepo kimoja kidogo, kimo cha kiuno cha mtu, chembamba juu, alichokuwa tayari kukitoa kwa taa mbili za kandili zenye vioo.

"Hii imekufa, nnyabo," alisema. "Zamani. Wakati ya Muzungu."

Phelister hakununua kitu kwa maneno. Alichomeka unyasi kwenye tundu, akasubiri, akautoa. Hakuna mchwa aliyeng'ang'ania. Akamwaga maji, hakutoka hata mmoja. Ilikuwa saa sita, jua kali, na mchwa yeyote mwenye akili saa hiyo yuko chini kabisa. Hilo alilijua, ila siku nne zilimziba macho. Alichotaka kuongeza ni kwamba akichukua kichuguu, amechukua na vilivyomo, asije mtu kumfuata kesho. Ssaalongo akacheka, akasema achukue na vilivyomo, na juu yake, na kivuli chake. Wakashikana mikono mbele ya Owuor.

Walikikata na msingi wake, futi mbili ndani ya ardhi, wakakifunga kwa magunia, wakakipakia. Owuor alisema amewahi kusukuma vitanda, majeneza na mara moja mchungaji mlevi, lakini mzigo huu anaona unamtazama.

Penye kizuizi cha askari, kabla ya kuingia mjini, waliwasimamisha.

"Hii nini?"

"Mlima," akasema Phelister.

"Ya nani?"

"Ya Meja Zéphyrin wa Mbuya. Wa vita."

Askari mkubwa akazunguka mkokoteni mara mbili. Akagonga kwa kitako cha bunduki. Ukalia kama mlango. Akauliza kitambulisho. Phelister akampa chake. Askari akasema cha mlima. Hapo wakakwama karibu saa nzima, kwa maana askari hakuwa mjinga: alikuwa na amri kwamba kila kinachopita kuelekea kambini kiwe na karatasi, na amri haikusema isipokuwa milima. Mwishowe alikubali kuwaandikia karatasi yeye mwenyewe. Akaandika: Mulima moja, rangi ya kahawia, inakwenda Mbuya, haina silaha.

Jumapili ilifika. Asubuhi kulinyesha mvua kubwa, mchana jua likatoka na ardhi ikafuka mvuke. Meza iliwekewa mataruma ya reli chini yake ili ibebe. Mlima ulikaa katikati, umepandwa misitu ya brashi, ngome ya taipureta kileleni, na majitu ya Meja yamejipanga ukuta kwa ukuta. Phelister alisimama ukutani na birika lake lilelile, maana alipewa kazi ya kumwaga chai. Karatasi na kalamu vilikuwa mezani mwa karani, pembeni. Alikuwa anaviona.

Kanali alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, na upole wake uliwafanya wengine wote wasimame wima. Alizunguka nchi. Akainama ziwani, akaziona mbavu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na anayemfahamu. Akachagua jeshi la vijitu vyenye masikio ya ncha kwa sababu alipenda pinde zao. Vita vikaanza.

Sasa, Meja hakuwa amelala siku tatu. Akimshinda Kanali, Moroto inamngoja. Akishindwa, maofisa wadogo wote wanatazama, na wiki ijayo nao watajaribu. Akaamua kushindwa kidogo. Lakini dadu ina kichwa chake. Alirusha, ikatoka sita. Akarusha tena, sita. Akayapeleka majitu yake ziwani makusudi, zikasema sheria zake mwenyewe kwamba majitu hayazami. Alilituma joka kwenye mishale yote ya Kanali, na kila mshale ukakosa. Jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Vijitu vya Kanali vilikuwa vimebaki sita, kisha vinne. Kanali aliwapanga wafu wake ukingoni mwa meza, mmoja mmoja.

"Vita haina ngoma," Kanali akasema hatimaye, polepole. "Ndiyo sababu watu yangu wanakufa."

Meja alishukuru kupata kosa la mtu mwingine. Akamgeukia Olweny na kumwamuru apige ngoma. Hakukuwa na ngoma. Olweny akachukua vijiti viwili, akapiga magoti kando ya ubao wa meza, mguuni pa mlima, akaanza kupiga ubao.

Baadaye Sajini aliapa kwamba hakufikiria lolote, mikono ilikwenda yenyewe. Inawezekana. Alikuwa amekulia Kitgum, na mlio wa vijiti mtoto wa kule anaoujua kwanza kuliko wote ni ule wanaowapigia kumbikumbi: vijiti viwili, haraka, haraka, bila kupumzika, kama mvua inayopiga jani kavu, mpaka wale walio chini wadhani mvua imekuja na wakati wao wa kuruka umefika. Ndio mlio alioupiga.

Wa kwanza alitokea kati ya herufi za taipureta. Akajinyoosha, akapima mabawa, akatembea mbele ya majitu ya Meja kama afisa anayekagua gwaride. Nyuma yake wakaja watatu. Kisha mlima ukafunguka. Walitoka kwenye kila ufa, wanene, wanameremeta, mamia, wakapanda misitu, wakaangusha majitu, wakaruka, wakajaa taa, wakajaa madirisha, wakaanguka ziwani juu ya mbavu za yule mtu. Olweny aliendelea kupiga. Hakuna aliyemwambia aache.

Kwa muda mfupi maofisa walikuwa maofisa. Kisha luteni mmoja akachukua bakuli la sukari, akalimwaga, akaanza kuokota. Ikawa basi. Kepteni akapanda juu ya kiti. Mwingine alivua koti akalitandaza chini ya taa. Meja alipiga magoti palepale Phelister alipomkuta siku ya kwanza, akichota kwa mikono miwili kutoka kwenye maiti za jeshi lake. Kanali mwenyewe alivua kofia yake yenye mistari ya dhahabu, akaigeuza, akaijaza.

Phelister alitazama karatasi mezani mwa karani. Nchi ilikuwa imeharibika; ndivyo ambavyo Meja angesema kesho, akishakumbuka. Hakukuwa na bei nyingine ya kungojea. Akaweka birika chini.

"Kanali," akasema. "Kichuguu ni ya nani?"

Hakusema kwa nguvu. Lakini ukumbi mzima ulisikia, na ukumbi mzima ulikuwa umezaliwa kijijini. Mikono ikasimama njiani. Luteni, aliyekuwa na mmoja mdomoni tayari, alifunga mdomo na hakutafuna.

Kanali akamtazama. "Wewe nani?"

"Ni mimi nimenunua kwa mwenyewe Busega, na vilivyomo. Kuna shahidi. Meja atanunua kwangu kwa karatasi, na karatasi bado hajaandika. Kwa hiyo leo bado ni yangu."

Meja alifungua kinywa. Kanali alimnyamazisha kwa kidole. Huyu alikuwa mtu aliyechukua majumba Kololo, magari, hata kiwanda kimoja cha soda ambacho hajui kipo wapi. Akaitazama kofia yake. Akaiweka mezani polepole, mbali kidogo na yeye, kama mtoto aliyekutwa na bibi wa jirani.

"Ni kweli, Meja?"

"Ni kweli, afande. Karatasi bado."

"Basi mama, tuuzie," akasema Kanali. "Unataka nini?"

"Karatasi hiyohiyo, afande. Na wewe mwenyewe uweke sahihi."

Akamwita karani. Sufuria ilikuwa imeshaletwa, kumbikumbi wanakaangwa kwa chumvi pale pale varandani, na harufu yake ilimfanya Kanali aharakishe. Alisema huku akitafuna, na karani, aliyekuwa na hofu ya kuruka hata neno, aliandika kama lilivyotoka: Mama Phelister ndiye mwenye mulima. Mulima yake isiguswe na askari, ofisa wala raia. Hapo Kanali akanyoosha mkono apewe kalamu.

Phelister alisoma kinyumenyume kutoka upande wake wa meza. Kibanda hakikutajwa popote. Kanali hakujua habari za kibanda, na kumweleza sasa ingekuwa kumwambia kwamba amekosea, tena mbele ya watu, tena kwa ajili ya Habibah, mwanamke wa Meja. Alihesabu moyoni: futi kumi kwa tisa.

"Na mahali nitauweka, afande?"

"Mahali utaweka, ikae," akasema Kanali. "Andika hiyo."

Karani akaandika, Kanali akatia sahihi, muhuri ukagongwa, na alama ya kidole chake cha mafuta ikabaki kwenye pembe ya karatasi. "Karibuni," akasema Phelister, na maofisa wakarudi kwenye kazi yao. Vita havikuwa na mshindi. Meja alimtazama mara moja juu ya sahani yake, na ilikuwa sura ya mtu aliyeokolewa na asiyejua amshukuru nani.

Kesho yake mlima ulirudi Nateete, na ngome yake kileleni, na birika limening'inia mkokotenini. Meja alikuwa amesema hataki tena kuuona. Penye kizuizi alikuwepo askari yuleyule. Safari hii alisoma karatasi ya Kanali mara mbili, akairudisha kwa mikono miwili, akaupigia mlima saluti. Owuor aliapa kwamba askari hakucheka.

Walibomoa ukuta wa mbele, wakautua mlima katikati, wakarudishia mabati. Phelister akachimbia msingi wake, akauzungushia udongo miguuni mpaka karibu na kuta, akamwagia maji. Ulijaza kibanda. Pande zote ilibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu.

Mwisho wa mwezi Habibah alikuja na askari wawili na kioo chake kimefungwa kwenye blanketi. Koplo akasoma karatasi, akanusa pembe yake, akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Kibanda tunachukua," alimwambia Habibah. "Hiyo haina taabu. Lakini mulima haiguswi."

"Nitauzia wapi sasa?"

"Kando ya mulima."

Habibah akaingia. Akapita kwa ubavu mpaka akakwama kidogo upande wa kaskazini, akajivuta, akatoka na vumbi la udongo kifuani. Akajipangusa, akamgeukia Phelister.

"Dada," akasema, "siku ile futi ulishika vizuri sana."

"Kioo chako nakinunua," akasema Phelister, "kama hukihitaji."

Hakukiuza. Alikwenda akapewa duka jingine Nakasero, karibu na soko la matunda, kubwa kuliko kibanda kile, na mvua zilizofuata alituma bakuli tupu Nateete likarudi limejaa. Sajini Olweny alipewa likizo na Kanali mwenyewe, kwa ajili ya vijiti vyake, akaenda kwao Kitgum. Likizo hiyo nayo haijaisha.

Phelister hakupata tena mahali pa kukaa ndani. Alipanga vyuma vyake nje, juani, na mvua ikinyesha alisimama chini ya ukingo wa bati lake linalovuja, huku ndani mlima ukiwa mkavu kuliko yeye. Owuor alimuuliza kama hangeupunguza hata kidogo, upande wa mlango tu, apate pa kuweka kigoda. Phelister alimwambia asome karatasi. Imeandikwa isiguswe na raia, na yeye ni raia.

Kisha akashuka mtu kwenye teksi ya Masaka, akachungulia ndani, akaiona taipureta kule kileleni na mapaa yake mekundu, akauliza bei.

"Hiyo ni ya mlima," akasema Phelister. "Lakini birika ninalo."